Uga wa Umeme, Retinali na Macho ya Furu: Historia ya Hoja ya Kisayansi kutoka Maabara za Ulaya hadi Ghuba ya Mwanza

Utangulizi

Maji yanayotoka katika mabomba ya mji wa Kahama hayana asili yake Kahama. Huvutwa kutoka Ziwa Victoria katika chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa hukohuko, kisha yakasukumwa kuelekea kusini hadi Shinyanga na Kahama kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Kabla ya hapo, wakazi wengi wa ukanda huo walitegemea visima na malambo. Miongoni mwa kazi za mtambo wa Ihelele ni kuyaondolea maji ya ziwa ukungu wake, yaani matope na mwani unaoelea. Kwa mkazi wa Kahama ukungu huo ni suala la afya na la gharama. Kwa samaki wadogo wanaoitwa furu, ambao huishi katika maji hayohayo kabla hayajafika kwenye bomba, ukungu ni suala la kuonana, na kwa mujibu wa kundi moja la watafiti, ni suala la spishi kuendelea kuwapo au kutoweka.

Insha hii inafuatilia historia ya hoja iliyounganisha mambo mawili ambayo kwa miongo mingi yalisomwa na watu wasiofahamiana. La kwanza ni uwezo wa uga wa umeme kubadili mwanga unaofyonzwa na molekuli za kikaboni zenye vifungo vya kupokezana. La pili ni kugawanyika kwa furu wa Ghuba ya Mwanza kuwa spishi tofauti. Hoja hiyo ilipata umbo lake lililo mashuhuri zaidi mwaka 2008, na tangu hapo imekuwa ikisimuliwa kama habari ya kibiolojia: mwanga wa ziwa, rangi ya dume, uchaguzi wa jike. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba simulizi hilo limeweka uzito mahali pasipostahili. Kiungo imara zaidi katika mnyororo mzima ni kile cha kifizikia, ambacho hutajwa kwa mstari mmoja au miwili. Kiungo kilichopewa sauti kubwa, yaani uchaguzi wa mwenzi, ndicho chenye ushahidi unaoyumba. Tofauti hii si ya kitaaluma tu, kwa sababu inaamua ni kitu gani hasa kinachopotea pale maji ya ziwa yanapochafuka.

Umeme na rangi kabla ya jicho

Mwaka 1913, Johannes Stark, akifanya kazi Aachen nchini Ujerumani, alionyesha kwamba mistari ya mwanga inayotolewa na atomi za haidrojeni hugawanyika pale atomi hizo zinapowekwa ndani ya uga mkali wa umeme. Antonino Lo Surdo aliliona jambo hilohilo huko Florence karibu wakati uleule, lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919 ilikwenda kwa Stark peke yake. Stark baadaye aligeuka kuwa mtetezi wa Unazi na mpinzani mkali wa fizikia ya Einstein. Hata hivyo athari aliyoigundua imeendelea kubeba jina lake, na wanaoitumia leo aghalabu hawaikumbuki sura hiyo ya maisha yake.

Atomi ya haidrojeni ni kitu sahili. Rangi za vitambaa, klorofili ya majani na karotini inayovipa viazi lishe rangi ya chungwa ni vitu vya namna nyingine. Katika molekuli za aina hii, atomi za kaboni zimefuatana kwa vifungo vinavyopokezana: kimoja, maradufu, kimoja, maradufu. Elektroni za vifungo maradufu hazibaki baina ya atomi mbili, bali hutandaa katika mnyororo mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Hans Kuhn alionyesha kwamba rangi ya molekuli nyingi kama hizo inaweza kukadiriwa kwa kuzichukulia elektroni hizo kana kwamba zimefungiwa ndani ya kisanduku chembamba chenye urefu wa mnyororo. Kisanduku kikirefuka, nishati inayohitajika kuisisimua elektroni hupungua, na mwanga unaofyonzwa husogea kutoka buluu kuelekea nyekundu. Karotini, yenye vifungo maradufu 11 vinavyopokezana, hufyonza mwanga wa buluu na kuliachia jicho rangi ya chungwa.

Urefu wa mnyororo, hata hivyo, hautoshi kueleza kila kitu. Ikiwa ncha mbili za molekuli hazifanani, kufyonza mwanga huhamisha chaji: wingu la elektroni hutoka upande mmoja na kuegemea upande wa pili. Kwa lugha ya wanakemia, dipoli ya molekuli katika hali ya msisimko hutofautiana na dipoli yake katika hali ya utulivu. Hapo ndipo uga wa umeme unapopata pa kushika. Uga huo huipunguzia nishati ile hali ambayo dipoli yake imeelekea sambamba nao, na huiongezea ile iliyoelekea kinyume. Hali mbili zikiguswa kwa viwango tofauti, pengo la nishati kati yake hubadilika, na pamoja nalo hubadilika urefu wa wimbi la mwanga unaofyonzwa. Kwa molekuli zenye dipoli inayobadilika sana, kiasi cha badiliko hilo ni zao la uga na tofauti ya dipoli. Molekuli zenye ncha zinazofanana nazo huguswa, lakini kwa udhaifu zaidi, kwa sababu ni lazima uga wenyewe kwanza uzipotoe elektroni zake.

Mwaka 1961, John Platt wa Marekani aliandika kwamba rangi ya molekuli za rangi ingeweza kubadilishwa kwa uga wa umeme, akaipa dhana hiyo jina. Katika miaka hiyohiyo Wolfgang Liptay, nchini Ujerumani, aliunda nadharia na mbinu za kuipima: molekuli huyeyushwa, myeyusho huwekwa baina ya elektrodi mbili, na badiliko dogo mno la ufyonzaji hunaswa kila uga unapowashwa na kuzimwa. Ilikuwa kazi ya subira, na kwa muda mrefu ilionekana kuwa jambo la wanakemia peke yao. Mwaka 1968 Wolfgang Junge na Horst Witt wa Berlin walionyesha kwamba mimea hufanya jaribio hilo yenyewe bila elektrodi. Jani linapopigwa na mwanga, umeme hujengeka katika utando mwembamba ulio ndani ya kloroplasti, na ufyonzaji wa molekuli za rangi zilizomo humo husogea kidogo. Molekuli hizo, kwa hiyo, zinaweza kusomwa kama kipimavolti. Kwa mara ya kwanza athari ya Stark ilikuwa imeonekana ikitokea ndani ya kiumbe hai, katika unene wa utando ambao hakuna waya ungeweza kuufikia.

Fumbo la retinali

Historia ya jicho ilianzia mahali pengine kabisa. Mwaka 1876, Franz Boll aliona kwamba retina ya chura aliyetunzwa gizani ina rangi nyekundu ya zambarau inayofifia mara tu inapoangaziwa. Willy Kühne wa Heidelberg aliichuja rangi hiyo kutoka retina kwa kutumia chumvi za nyongo, na akaanza kuichunguza kama dutu ya kikemia. Mwaka 1933, George Wald, akiwa bado kijana, aligundua vitamini A ndani ya retina. Ugunduzi huo uliupa upofu wa usiku maelezo ya kikemia: mtu asiyepata chakula chenye vitamini hiyo hukosa malighafi ya kutengenezea rangi ya jicho. Juhudi za kueneza viazi lishe katika mikoa ya Kanda ya Ziwa zinasimama juu ya ugunduzi huohuo, kwa kuwa mwili huikata karotini na kupata vitamini A. Katika ukanda wenye desturi ya kuanika viazi na kuvihifadhi kama michembe na matobolwa, juhudi hizo zilikuta zao lililozoeleka tayari.

Kutokana na kazi za Wald, za Morton huko Liverpool na za Ruth Hubbard, ilifahamika kwamba molekuli inayopokea mwanga ni retinali, yenye vifungo maradufu sita vinavyopokezana, na kwamba imeshikamana na protini iitwayo opsini. Hubbard na Allen Kropf walionyesha mwaka 1958 kwamba kazi pekee ya mwanga ni kuinyoosha retinali iliyokuwa imepinda. Mengine yote hufuata bila kuhitaji mwanga. Wald alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1967, pamoja na Granit na Hartline. Hubbard, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kemia, hakuwemo katika orodha.

Mafanikio hayo yalizaa fumbo. Retinali ikiwa huru katika myeyusho hufyonza zaidi mwanga wa takriban nanomita 380, ambao jicho la binadamu halilioni. Ikiunganishwa na kikundi cha amini na kupewa protoni, hufikia takriban nanomita 440. Ndani ya rodopsini, protini ya kuonea gizani, hufikia 500. Katika seli koni za binadamu hufyonza kwenye takriban 420, 530 na 560, na tofauti hizo ndizo zinazotuwezesha kutofautisha rangi. Molekuli ni ileile moja, yenye urefu uleule wa mnyororo. Kanuni ya kisanduku ya Kuhn haina jibu hapa. Jibu lilipaswa kutafutwa katika jirani zake, yaani katika protini inayoizunguka.

Kropf na Hubbard walikwisha kulidokeza jibu hilo mwaka 1958 waliposema kwamba chaji zilizomo ndani ya opsini ndizo zinazoisogeza rangi. Kilichokosekana ni kipimo. Kilipatikana mwaka 1976, pale Richard Mathies na Lubert Stryer walipoichukua mbinu ya kina Liptay na kuiweka retinali katika uga wa umeme wa maabara. Waligundua kwamba retinali inapofyonza mwanga dipoli yake hubadilika kwa kiasi kikubwa mno, takriban dibai 12 kwa ile yenye protoni. Katika hali ya utulivu, chaji chanya hukaa karibu na naitrojeni, mwisho ule unaoshikamana na protini. Katika hali ya msisimko, sehemu ya chaji hiyo huhamia upande wa pete, mwisho wa pili wa mnyororo. Kipimo hiki hakipewi nafasi kubwa katika simulizi za kawaida za historia ya kuona, na hilo ni kosa. Bila hicho, mazungumzo yote ya jeni na rangi yaliyofuata yangebaki kuwa orodha ya mabadiliko yasiyo na sababu.

Kwa kuwa chaji huhama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kila mwisho una kanuni yake. Chaji hasi ikikaa karibu na naitrojeni, huituliza hali ya utulivu, hulipanua pengo la nishati, na kuusogeza ufyonzaji kuelekea buluu. Kikundi chenye dipoli kikikaa karibu na pete, na upande wake hasi ukaielekea, huituliza hali ya msisimko, hulipunguza pengo, na kuusogeza ufyonzaji kuelekea nyekundu. Mwaka 1979 Barry Honig, Koji Nakanishi na wenzao walipendekeza mahali mahususi pa chaji ndani ya rodopsini. Sehemu ya pendekezo lao ilithibitishwa mwaka 1989, pale makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalipobadilisha asidi amino ya nafasi ya 113, glutamati yenye chaji hasi, na kuona retinali ikipoteza protoni yake na rangi ikirudi hadi eneo la nanomita 380. Kuhusu chaji ya pili mjadala uliendelea kwa miaka mingi.

Mnamo 1991, Maureen Neitz, Jay Neitz na Gerald Jacobs waliligeukia jicho la binadamu na jamaa zake. Tofauti ya nanomita 30 kati ya koni ya kijani na koni ya nyekundu, walionyesha, inatokana karibu yote na asidi amino tatu, katika nafasi za 180, 277 na 285. Katika kila nafasi, aina inayosogea kuelekea nyekundu ina kikundi cha oksijeni na haidrojeni ambacho aina nyingine haina. Kikundi hicho ni dipoli ndogo. Tofauti ya koni hizo mbili, kwa kadiri kubwa, ni vikundi vitatu vya atomi mbilimbili vilivyokaa pahali panapofaa.

Mwaka 2000 muundo kamili wa rodopsini ulichapishwa, na ulikuwa wa ng'ombe. Tangu awali ng'ombe ndiye aliyekuwa kielelezo, kwa sababu macho yake hupatikana kwa wingi machinjioni, na hadi leo nafasi za asidi amino katika opsini za wanyama wengine, wakiwemo samaki, huhesabiwa kwa namba za ng'ombe. Msomaji kutoka Usukumani anaweza kuona kuwa kipimo hicho hakikukosea njia.

Furu waingia katika hoja

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi ya kudumu mjini Mwanza kuchunguza furu. Frans Witte alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Walikuta mamia ya spishi, nyingi zisizo na jina la kisayansi, na katika miaka ya 1980 walishuhudia sehemu kubwa yake ikitoweka wakati sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, alipoongezeka ghafla. Sokoni Kahama badiliko hilo lilikuwa na sura ya kibiashara: minofu ya sangara ilikwenda viwandani na nje ya nchi, na mapanki yakaingia bara.

Majina ya spishi mbili zinazohusika hapa yana historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1985 furu mmoja mwenye dume la rangi nyekundu mgongoni alipewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 jamaa yake wa buluu, mwenye mistari myeusi iliyosimama, alipewa jina la Pundamilia pundamilia, neno la Kiswahili lililorudiwa mara mbili, na yule wa Mwalimu akahamishiwa katika jenasi hiyohiyo, akawa Pundamilia nyererei. Ni nadra kwa Kiswahili kuingia katika Kilatini cha wanasayansi kwa ukamilifu kiasi hicho.

Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Witte walichapisha mwaka 1997 makala iliyosema kwamba ukungu wa maji unaua spishi bila kumgusa samaki hata mmoja. Pale maji yanapochafuka, rangi za madume hufifia, spishi zinazoishi pamoja hupungua, na majike hushindwa kutofautisha dume wa spishi yake na wa spishi jirani. Makala hiyo ilieleza rangi na maji, lakini haikugusa jicho lenyewe. Yohey Terai na wenzake wa Japani ndio waliolifungua: kuanzia 2002 walisoma jeni ya opsini inayopokea mawimbi marefu, wakaona ina tofauti nyingi kupita kawaida miongoni mwa furu wa Ziwa Victoria, na mwaka 2006 wakaonyesha kwamba tofauti hizo zinafuata uwazi wa maji.

Pande hizo mbili zilikutana katika makala ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Seehausen, ambayo miongoni mwa waandishi wake alikuwemo Hillary Mrosso wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Samaki walikusanywa katika visiwa vitano: Luanso, Kissenda, Python, Ruti na Makobe, kutoka maji yenye ukungu zaidi hadi yaliyo safi zaidi. Katika ziwa hili, chembe zilizomo majini hunyang'anya kwanza mawimbi mafupi, hivyo kadiri samaki anavyoshuka ndivyo mwanga unavyoelekea rangi ya chungwa na nyekundu. Makobe, samaki wa buluu hukaa karibu na uso wa maji na samaki wekundu hukaa chini zaidi. Opsini za aina mbili zilitengenezwa maabara na kuunganishwa na retinali. Ile ya samaki wa buluu ilifyonza zaidi kwenye takriban nanomita 544, na ile ya samaki wekundu kwenye 559. Kila mmoja alikuwa amebeba jicho linaloufaa mwanga wa mahali pake.

Nanomita 15 zinahitaji kupimwa kwa kipimo cha Mathies na Stryer, jambo ambalo makala za biolojia hazikuwa na haja ya kulifanya. Tofauti hiyo ni sawa na elektronivolti 0.06 hivi, chini ya asilimia 3 ya nishati ya fotoni yenyewe. Tukichukua badiliko la dipoli la dibai 12 na kuchukulia kwamba uga umeelekea sambamba na molekuli, uga unaotosha kuleta tofauti hiyo ni takriban volti milioni 240 kwa mita. Njia ya umeme ya kilovolti 220 inayotoka Shinyanga kwenda mgodi wa Bulyanhulu huacha chini yake, ardhini, uga wa maelfu machache tu ya volti kwa mita. Hewa yenyewe hushindwa kuhimili na kutoa cheche ifikapo takriban volti milioni 3 kwa mita. Ndani ya jicho la samaki anayetosha kiganjani, tofauti ya uga iliyo kubwa mara 80 kuliko hiyo inapatikana bila cheche yoyote, kwa sababu inahusu umbali ulio mdogo kuliko nanomita mbili, na inaletwa kwa kubadilisha asidi amino chache. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inaonyesha kwa nini badiliko dogo la jeni linaweza kuwa na nguvu kubwa kiasi hicho.

Nguvu na udhaifu wa ushahidi

Mnyororo wa hoja ya 2008 una viungo vinne: jeni hubadili opsini, opsini hubadili ufyonzaji, ufyonzaji hubadili kile anachokiona samaki, na kuona hubadili uchaguzi wa mwenzi. Viwili vya kwanza vimepimwa moja kwa moja, na nyuma yake kuna karne nzima ya fizikia iliyofanywa na watu ambao huenda hawakuwahi kusikia neno furu. Kiungo cha tatu kina ushahidi mzuri. Mwaka 2006 Martine Maan na wenzake waliwapima samaki hao kwa mwanga hafifu wa rangi mbalimbali na kukuta kwamba wekundu huhisi mwanga mwekundu ulio dhaifu zaidi, na wa buluu huhisi buluu iliyo dhaifu zaidi. Kiungo cha nne ndicho kigumu. Kwamba jike huchagua dume wa rangi fulani kumeonekana mara nyingi; kwamba anamchagua kwa sababu ya nanomita 15 za opsini ni dai jingine, kwa kuwa jeni za jicho, za rangi ya mwili na za upendeleo zinaweza kusafiri pamoja bila moja kuisababisha nyingine.

Maan, Seehausen na Ton Groothuis walitoa mwaka 2017 matokeo ambayo, kwa maoni ya insha hii, yanasogeza uzito mahali pengine. Waliwalea samaki wa spishi zote mbili na machotara wao katika matangi yenye mwanga wa maji ya juu na mwanga wa maji ya chini. Kila spishi ilikufa kidogo zaidi katika mwanga unaofanana na wa kwao. Hapa hakuna dume wala jike. Kuna kuishi na kufa. Ikiwa mwanga usiofaa unaua, basi uteuzi wa asili unaweza kuzitenganisha spishi hata kabla ya suala la mapenzi kuingia, na kiungo cha nne hakilazimiki kubeba mzigo wote kiliotwishwa.

Mwaka huohuo, Joana Meier na wenzake walitoa habari iliyobadilisha pia umri wa hoja. Furu wa ukanda wa Ziwa Victoria, walionyesha, wametokana na kukutana kwa koo mbili za kale za samaki wa mito, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Nile, na makundi makuu mawili ya aleli za opsini hiyo yaliingia kupitia koo hizo. Ziwa lenyewe lilikauka na kujaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Kwa maneno mengine, uga wa umeme unaotofautisha jicho la Makobe juu na jicho la Makobe chini haukubuniwa ziwani. Ulikuwapo tayari katika mito, na ziwa lilikuja kuupa kazi.

Hili lina maana kwa swali la kinachopotea. Katika kisiwa cha Luanso, kusini mwa ghuba, ambako maji yana ukungu mwingi, hakuna spishi mbili. Kuna samaki wa rangi za kila daraja kati ya buluu na nyekundu, na aleli za opsini hazifuati rangi ya mwili. Aleli zimo, protini zinafanya kazi, retinali inafyonza mwanga kama kawaida. Kilichokosekana ni mteremko wa mwanga wenye nafasi ya kutosha: katika maji ya ukungu rangi ya mwanga hubadilika ndani ya kina kidogo sana, kiasi kwamba samaki anayeogelea kutoka jiwe moja hadi jingine hupita katika makazi yote mawili. Masimbi ya ziwa, kama yalivyosomwa na Dirk Verschuren na wenzake mwaka 2002, yanaonyesha kwamba uzalishaji wa mwani ulianza kupanda tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo katika bonde la ziwa. Wahifadhi wanaofikiria kutunza mbegu za furu katika matangi au kuhifadhi jeni zao maabara wanahifadhi kile ambacho Luanso bado inacho.

Historia ya mteremko huo wa mwanga haijaandikwa kwa namna ambayo historia ya jeni imeandikwa, ingawa malighafi yake haiko mbali. Mtambo wowote wa kusafisha maji hulazimika kupima ukungu wa maji ghafi ili kukadiria kiasi cha dawa, na Ihelele imekuwa ikivuta maji ya upande wa kusini wa ziwa kwa ajili ya Kahama na Shinyanga tangu 2009. Kumbukumbu za aina hiyo hupima jinsi mwanga unavyotawanywa, si rangi unayobaki nayo, kwa hiyo mtafiti atakayezitumia atahitaji kuzilinganisha na vipimo vya spektra vilivyochukuliwa visiwani na watafiti wa samaki katika miaka hiyohiyo. Kazi hiyo ni ya mwanahistoria kwa kiasi kilekile ilivyo ya mwanafizikia, na haihitaji elektrodi.